Hanang'wenda: Sketi ya Ngozi na Urithi wa Ukoo katika Nchi ya Hanang

Miongoni mwa kazi za mikono zilizowapa heshima wanawake wa nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, hakuna iliyobeba mambo mengi ya ukoo kama utengenezaji wa hanang'wenda, yaani sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa, na hakuna inayofifia kimyakimya kama hiyo. Balangdalalu, na katika vijiji vilivyotawanyika kuelekea Basotu na Katesh, vazi hilo bado huonekana kwa wanawake wa makamo na wazee, hasa siku za mnada na siku za ibada, lakini mikono inayoweza kuichukua ngozi mbichi na kuifikisha kuwa vazi kamili hupungua kila mara bibi mmoja anapozikwa. Kinachopotea hapo ni kikubwa kuliko nguo, kwa kuwa hanang'wenda ni mahali ambapo mwanamke, ng'ombe, ukoo na Mungu vilikutana na kushonwa pamoja.

Wadatoga, ambao Wabarabaig ndio tawi lao kubwa katika wilaya ya Hanang, ni wafugaji wa asili ya Kiniloti walioishi kwa muda mrefu bega kwa bega na Wairaqw wa asili ya Kikushi, na majirani wa Kibantu kama Wanyaturu na Wanyiramba. Katika nchi yenye watu wa lugha zisizohusiana hata kidogo, vazi lilisema mapema kuliko kinywa, kwani mtu aliyeonekana kwa mbali akivuka mbuga alitambuliwa kabila lake, na mara nyingi hali yake ya ndoa, kabla salamu haijatolewa. Msichana alivaa kisichana na mke alivaa kike, na kati ya hali hizo mbili palikuwa na ngozi.

Ngozi yenyewe ilitoka katika zizi lililojulikana. Mfugaji wa Kidatoga huwajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa umbo la pembe na kwa nasaba, huku mke naye akiingia katika ndoa akiwa na ng'ombe wake mwenyewe, baadhi wakiwa wametoka kwa baba yake na wengine wakiwa ni zawadi za upande wa mume, na wanyama hao huhesabiwa kuwa msingi wa nyumba yake na urithi wa wanawe. Kwa hiyo mwanamke aliyejifunga ngozi kiunoni alijifunga pia sehemu ya historia ya zizi, na mtu wa rika lake angeweza kuieleza ngozi hiyo kwa kutaja mnyama, aliyemtoa, na shughuli iliyosababisha achinjwe. Duka halina namna ya kuuza kitu cha aina hiyo, maana thamani yake haikuanzia kwa fundi, ilianzia kwa ndama aliyezaliwa miaka mingi kabla fundi hajashika kisu.

Kazi iliyofuata ilidai subira ambayo ni vigumu kuieleza kwa kizazi kilichozoea nguo iliyokwisha kushonwa. Ngozi ilitandazwa chini na kuwambwa kwa mambo, yaani vijiti vilivyochongwa ncha na kupigiliwa ukingoni pande zote, ikaachwa juani mpaka ikakauka na kukaza. Kisha ikaparuliwa nyama na manyoya kwa ukali wa chuma, taratibu, kwa sababu mkono mzito ungeitoboa na mkono mwepesi ungeiacha ikiwa na mabaka. Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ndefu ya kulainisha, ambapo ngozi ngumu ilipakwa mafuta, ikakunjwa, ikafikichwa, ikakandwa kwa viganja na kupakwa tena, siku baada ya siku, hadi ikakubali kufuata mwili wa mtu. Mafuta hayo, samli inayotokana na maziwa ya zizi lile lile, ndiyo yaliyoipa ngozi wekundu wake wa kahawia na ile harufu ambayo mtoto aliyebebwa mgongoni aliijua kuwa ni harufu ya mama kabla hajalijua jina la mama.

Sehemu inayostahili kutazamwa kuliko zote ni kanda. Sehemu ya chini ya sketi ilichanwa kuwa vipande virefu vyembamba, kimoja kando ya kingine, na mkataji hakutumia rula wala chaki, alitumia jicho lililofundishwa na mama na kidole gumba kilichoyaelekeza makali. Ukanda mmoja ukipinda, macho ya wanawake wenzake yangeuona kabla ya yote, na ukanda mmoja ukikatwa zaidi ya kiasi, ungedhoofika na kukatika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana fundi mzuri alisifiwa kwa kitu ambacho mgeni hakukiona kabisa, yaani ulinganifu wa kanda nyingi zilizoning'inia pamoja, zikafuata mwendo wa mvaaji, zikaachana alipopiga hatua na kurudiana aliposimama, kama mvua ya mbali inayoonekana ikishuka juu ya ziwa la magadi. Juu ya ngozi iliyounganishwa kwa nyuzi za mishipa ziliongezwa shanga katika mistari, na palipochakaa paliwekwa kiraka cha ngozi kilichoshonwa kwa uangalifu ule ule wa mwanzo, kwa sababu vazi hilo lilitengenezwa ili lizeeke na mwenyewe.

Kanda hizo hazikuwa pambo tu. George Klima, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza kwamba sketi hiyo huhesabiwa kuwa kitu kitakatifu, na kwamba wanawake huamini walipewa na Udameselgwa, roho wa kike anayelinda uzazi na heshima yao. Imani hiyo ilikuwa na nguvu ya sheria. Wabarabaig walikuwa na baraza la wanawake, linaloitwa girgwageda gademga, ambalo lilikaa mbali na wanaume, likasikiliza shauri la mwanamume aliyevunja heshima ya wanawake au kuyaingilia mambo yao ya uzazi, na likaweza kumtoza faini ya ng'ombe, naye akatii kwa kuwa aliiogopa laana iliyokuwa nyuma ya hukumu. Msomaji anayedhani kwamba haki za wanawake ziliingia Hanang kwa semina angefaa kulitafakari baraza hilo, ambalo wajumbe wake walikuja wamevaa hati yao ya mamlaka kiunoni.

Karibu na ngozi palikuwa na chuma na shaba. Bangili za mikono na miguu, zinazopanda kwa mizunguko hadi zikaufunika mkono, zilifuliwa na wahunzi wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao ufundi wao ulipita kwa baba na mwana na ambao mpaka leo, hasa upande wa Ziwa Eyasi, huyeyusha vipande vya chuma na shaba kuukuu na kuvigeuza mapambo na mishale. Mwanamke aliyevaa kikamilifu alikuwa amekusanya mwilini mwake kazi ya nyumba nyingi: ngozi ya zizi la baba, mafunzo ya mama na mashangazi, shaba ya mhunzi, na ridhaa ya mama mkwe aliyempokea. Ndiyo maana kumvisha bi harusi hanang'wenda kulikuwa ni kumkabidhi ukoo, na kuiharibu kwa makusudi kulihesabiwa kuwa dhambi.

Wairaqw, majirani wa upande wa Mbulu, wana somo chungu la kuwapa Wadatoga katika jambo hili. Walikuwa na marmo, yaani kipindi cha kuwaweka wasichana ndani na kuwafunda, ambacho ndani yake kulikuwa na kazi ya kutarizi sketi za ngozi kwa shanga nyingi ndogo, zenye michoro ya duara na mistari ambayo hata leo humfanya mtazamaji anyamaze. Marmo ilipigwa marufuku karibu na mwaka 1930, na hata kama palikuwa na sababu za kukizuia kipindi chenyewe, shanga zilikwenda pamoja nacho, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuwaokoa mafundi na kuiacha desturi. Baadhi ya sketi hizo sasa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na msichana wa Kiiraqw anayetaka kuiona kazi ya mama wa bibi yake huenda akaiona kwanza katika picha iliyopigwa na mtu wa mbali.

Kwa Wadatoga hakukuwa na siku moja ya marufuku inayoweza kulaumiwa. Palikuwa na msukumo wa miaka mingi, ambapo shule, kanisa, ofisi na soko vyote vilifundisha, kwa maneno au kwa macho tu, kwamba mwenye kuvaa ngozi amechelewa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliendesha kampeni dhidi ya mavazi ya asili ya wafugaji, iliyowalenga hasa Wamasai, na hali ya hewa iliyoletwa na kampeni hiyo haikuishia katika mipaka ya Wamasai. Zaidi ya hayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana kama NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua takriban ekari 100,000 za malisho bora katika nyanda za Basotu na jirani zake, na trekta zikapita hata juu ya bung'eda, yale makaburi ya vilima ambayo Wadatoga huwajengea wazee wao waheshimiwa. Malisho yalipopungua ng'ombe walipungua, na ng'ombe walipopungua ngozi ikawa kitu cha kuuza badala ya kitu cha kukaa nacho mwezi mzima. Nao mtumba, kwa bei yake ndogo, ukamaliza kazi ambayo trekta ilianza.

Inafaa kutazama namna watu wengine walivyokabili hatari kama hiyo, na mfano mmoja uko karibu na Mbulu kuliko ramani inavyoonyesha. Wanorwei, ambao wamisionari wao walianzisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mwaka 1955, na ambao mwanaanthropolojia wao Astrid Blystad ameandika kwa kina juu ya uzazi na ibada za wanawake wa Kidatoga, wana vazi lao la asili linaloitwa bunad, yaani vazi la sufu lenye tarizi na vifungo vya fedha, ambalo rangi na michoro yake hufuata wilaya alikotoka mtu au wazazi wake. Katika karne ya 19 mavazi ya vijijini yaliyolizaa yalikuwa yakiachwa kwa aibu ile ile inayoonekana leo Hanang, mpaka watu kama mwandishi Hulda Garborg, aliyetoa kijitabu juu ya vazi hilo mwaka 1903, walipoamua kwamba taifa linalodai uhuru wake haliwezi kuwaonea haya bibi zake. Leo vijana wengi huko hupewa vazi hilo wanapopata kipaimara, hulivaa kila tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba yao, na fedha za bibi huhamia kwa mjukuu. Na mwaka 2024 ufundi huo uliingizwa katika orodha ya urithi usioshikika ya UNESCO. Hawakulazimika kuishi kama mababu zao ili kulihifadhi vazi la mababu. Walichofanya ni kulipa siku yake, kulipa walimu wake, na kukataa kulichekea.

Hapa ndipo panapouma. Siku hizi vikundi vya ngoma hupanda majukwaani wakati wa sherehe za kitaifa vikiwa vimevaa vitambaa vyepesi vilivyochanwa kwa mkasi ili vifanane na kanda, wageni wa heshima hupiga makofi, na hakuna anayeuliza ni nani bado anajua kuzichana kanda zenyewe. Watalii hupiga picha za wanawake wazee waliovaa ngozi, picha hizo huzunguka dunia, na wajukuu wa wanawake hao huziona katika simu kabla hawajamwuliza bibi swali hata moja. Kuipenda sura ya kitu na kuidharau kazi iliyokizaa ni namna ya uvivu, na uvivu huo hauna budi kuitwa kwa jina lake hata pale unapojivika jina la kusherehekea utamaduni.

Hakuna anayedai kwamba wanawake wa Balangdalalu warudi kuvaa ngozi kila siku wanapochota maji au kufundisha darasani, wala haki yao ya kuchagua kitenge au gauni haina shaka. Ombi ni dogo kuliko hilo na linawezekana. Familia zenye bibi anayejua kazi hii zimkalishe pamoja na wajukuu wa kike, ngozi moja kwa mwaka, kuanzia mambo ya kuwambia hadi ukanda wa mwisho. Shule za Hanang na Mbulu zimwite afundishe kwa malipo kama anavyolipwa fundi mwingine yeyote. Harusi ziipe hanang'wenda siku yake hata kama siku ya pili ni ya gauni jeupe. Na idara za utamaduni, katika nchi iliyokwisha kuridhia mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, ziwaandike mafundi hawa wakiwa hai. Ngozi iliyokwisha kushonwa inaweza kusubiri makumbusho, lakini mkono unaojua kuishona hausubiri, na ukoo utakaouacha uzikwe bila mwanafunzi hautakuwa na wa kumlaumu.