Ufundi wa Mkanda Mweupe

Alfajiri dada mmoja anapanda daladala Igoma kuelekea mjini, na jua halijapanda sana ameshavaa glavu. Kazi yake maabara ni kutenga chembe nyeupe za damu zikiwa hai. Katika kazi za mikono nilizozitazama hapa Mwanza, sijaona inayodai utulivu kuliko hii.

Damu iliyopunguzwa makali kwa maji ya chumvi humiminwa juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll. Hapo ndipo penye ufundi. Dada huyu huiinamisha tyubu, akagusisha ncha ya pipeti ukutani, damu ikateremka taratibu mpaka ikatulia juu bila kuchanganyika. Ukiharakisha, tabaka zinavurugika na damu ya mtu imepotea bure. Mashine ikishaizungusha, chembe nyekundu huzama chini na katikati hubaki mkanda mweupe, mwembamba kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Huufyonza polepole, pumzi ameibana. Seli T, chembe za kinga, zimo humo.

Seli T haitambui kirusi kizima. Huonyeshwa vipande vya protini yake, vimeshikwa na molekuli za HLA juu ya chembe iliyoambukizwa. Jeni za HLA tunazirithi kwa baba na mama, nazo hutofautiana mno baina ya watu. Kipande kinachoshikwa vizuri na HLA zako, zangu huenda zisikishike kabisa. Kirusi kile kile kikiingia kwa majirani wawili, kinga zao zaweza kukishambulia mahali tofauti.

Tofauti hizo zilijitokeza Nairobi: katika utafiti wa Majengo ulioanza 1985, baadhi ya wanawake waliofanya biashara ya ngono hawakupata VVU licha ya kukutana navyo miaka mingi. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba damu ya baadhi yao ina seli T zinazovitambua virusi hivyo. Mwaka 2000 kutoambukizwa huko kukahusishwa na aina fulani za HLA. Nawaheshimu walioandika matokeo hayo, ila kwanza kuna mtu aliyezitenga chembe zile.

Siku hizi chembe hulazwa usiku kucha pamoja na vipande vya kirusi, na kila seli iliyokitambua kipande huacha doa. Iliyokufa haiachi kitu. Sahani ikiwa tupu, utadhani jeni za mtu huyo zimekishindwa kipande, kumbe chembe zilifia mezani. Kwa hiyo dada huchukua tone, akalitia rangi ya buluu na kuinamia hadubini: zilizokufa hugeuka buluu, zilizo hai hung'aa. Anazihesabu zote. Wafu wakizidi, anaandika daftarini, na sampuli hiyo haiendi mbele.