Erikson Alivyojifunza Kusoma Watu Bila Shahada

Mwaka 1960 Erik Erikson alianza kazi ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akiwa hana shahada hata moja. Masomo yake ya kawaida yaliishia sekondari nchini Ujerumani. Miaka kumi nyuma alikuwa ametoa kitabu, Childhood and Society, kilichoyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, na mgawanyo huo ungali ukifundishwa kwa walimu na wauguzi. Wanaotaka kuzijua tabia za watu bila kupita chuoni hupenda kumtolea mfano. Mfano ni mzuri, ila kwanza tuangalie kazi yenyewe aliifanyaje.

Alianza na jicho. Alipomaliza sekondari hakwenda chuo kikuu. Alizunguka Ulaya akichora. Mchoraji wa sura hulazimika kumtazama mtu muda mrefu kabla ya kusema lolote: bega lipi limeshuka, mdomo umebana vipi, mikono imekaa wapi. Mwaka 1927 rafiki yake Peter Blos alimwita Vienna, kwenye shule ndogo iliyokuwa karibu na familia ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi. Kazi ya kuchora watoto ikageuka kuwa kazi ya kuwafundisha.

Hapo ndipo yalipoanza mafunzo, tena makali. Anna Freud, binti wa Sigmund, ambaye naye hakuwa na shahada ya chuo kikuu bali alikuwa mwalimu, alimchukua Erikson na kumchanganua nafsi yake kwa miaka kadhaa. Sababu ni ya kiufundi: asiyezijua hofu na hasira zake mwenyewe huwabandika wengine hofu na hasira hizo, kisha hudhani amewasoma. Sambamba na hilo Erikson alipata cheti cha ualimu cha Montessori, na mwaka 1933 akahitimu katika taasisi ya wachanganuzi wa nafsi ya Vienna, ambako mwanafunzi alishughulikia wagonjwa huku mkongwe akimfuatilia. Ni kama kijana wa gereji: chuo hakupita, lakini yupo fundi mkuu anayemwambia afungue tena nati aliyoikaza vibaya.

Mbinu yake inaonekana vizuri zaidi California, Marekani, alikohamia baadaye na kufanya utafiti wa watoto waliokaribia balehe. Kila mtoto aliwekewa meza, vibao vya kujengea, midoli ya watu, wanyama na magari. Aliambiwa ajifikirie anatengeneza filamu, ajenge tukio moja la kusisimua, kisha alisimulie. Erikson hakumuuliza mtoto anajisikiaje. Alitazama kitu gani kimewekwa wapi, kipi kimesimamishwa, kipi kimezungushiwa ukuta. Wavulana wengi walijenga minara mirefu na magofu. Wasichana wengi walipanga vyumba vyenye watu ndani, kuta fupi na milango iliyopambwa.

Hadi hapo ni uangalizi. Alipovuka kwenda kwenye maana, akidai tofauti hiyo inaakisi maumbile ya miili yao, aliteleza. Wakosoaji, akiwemo mtetezi wa haki za wanawake Kate Millett mwaka 1970, walimshambulia: wasichana waliolelewa ndani ya nyumba wangejenga nini kingine? Lakini kwa kuwa Erikson alichapisha michoro ya kazi za watoto hao, msomaji anaweza kukataa tafsiri yake bila kutupa alichokiona.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikwenda Pine Ridge, South Dakota, kwa Wasiuu, wenyeji wa asili wa Marekani, akifuatana na mwanaanthropolojia Scudder Mekeel. Walimu wa shule za serikali walilalamika kwamba watoto wa huko ni wazito na wamejifungia. Erikson hakuishia darasani. Aliuliza watoto wananyonyeshwaje, wanalelewaje, na jamii ilipoteza nini nyati iliowategemea walipomalizwa. Tabia iliyoonekana uvivu ikaanza kusomeka kama hali ya mtoto aliyebanwa kati ya malezi mawili yanayopingana.

Linganisha na masomo ya haraka yanayotuahidi kumjua mwongo kwa kutazama macho yake au mikono aliyoikunja. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi kuhusu kutambua uongo, wakakuta watu hupatia takriban mara 54 kati ya 100. Ukirusha sarafu hutaachwa mbali. Ishara moja haisemi kitu. Kinachosema ni mwenendo unaojirudia, ukiwekwa ndani ya mazingira yake.

Kwa hiyo Erikson aliikwepa shahada, hakuyakwepa mafunzo. Anayetaka kumfuata aanze mahali anapokutana na watu kila siku: darasani, dukani, wodini, kijiweni. Awe na daftari lenye safu mbili, moja ya alichokiona na nyingine ya anachodhani, na asiruhusu ya pili iingie kwenye ya kwanza. Atafute mtu anayejua kuliko yeye, ampelekee daftari hilo alikosoe. Asome vitabu, hasa vya wanaopingana. Na akumbuke kwamba kusoma tabia si ruhusa ya kutibu: jirani anayezungumzia kujiua apelekwe hospitali. Chuo unaweza kukiruka. Msimamizi wa kukusahihisha, huwezi.