Nyadhifa za Wasimamizi na Anwani za Wageni: Jinsi Maghala ya Snowflake Yalivyoingiwa

Tarehe 10 Juni 2024 kampuni ya upelelezi wa mitandao iitwayo Mandiant, iliyo chini ya Google, ilitoa taarifa kwamba wateja wapatao 165 wa Snowflake, kampuni ya Kimarekani inayokodisha maghala ya data katika wingu, walikuwa wamearifiwa kwamba yamkini amana zao zimefikiwa na wezi; na kwa kuwa miongoni mwa waliojulikana walikuwamo Ticketmaster, wauzaji wa tiketi, na baadaye AT&T, ambao waliibiwa kumbukumbu za simu na ujumbe za takriban wateja wao wote wa simu za mkononi kwa miezi sita ya mwaka 2022, watu wengi walidhani kwamba kuna kufuli kubwa lililovunjwa. Halikuvunjwa. Wezi hao, ambao Mandiant iliwapa lakabu ya UNC5537, waliingia kwa majina na maneno ya siri yaliyo sahihi, wakapokewa kama wenyeji, wakatumia amri zile zile anazozitumia mchambuzi wa hesabu kila asubuhi, kisha wakatoka na mizigo yao.

Funguo hizo hazikuibwa kwa Snowflake yenyewe. Aghalabu zilitoka katika kompyuta za watumishi wa wateja, na za makandarasi wao, zilizokuwa zimeingiwa na programu za wizi kama Vidar, RedLine na Lumma, ambazo kazi yake ni kujificha kimya zikikusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari na kuyapeleka sokoni. Na Mandiant iliona kwamba baadhi ya kompyuta hizo ndizo zilezile ambazo mwenyewe, baada ya kazi, alizitumia kwa michezo na kwa kupakua programu za magendo. Mkandarasi mmoja huenda akawa anahudumia kampuni kadhaa, hivyo maradhi ya kompyuta moja yaliweza kufungua nyumba nyingi. La ajabu zaidi ni umri wa funguo zenyewe: zilikuwamo zilizoibwa tangu Novemba 2020, na ilipofika Aprili 2024, uvamizi ulipoanza kuonekana, zilikuwa bado zinafungua, kwa kuwa hakuna aliyezibadilisha, wala akaunti hizo hazikudai uthibitisho wa pili baada ya neno la siri.

Sasa tuzitazame nyadhifa, maana hapo ndipo wateja wengi walipoiweka imani yao. Katika Snowflake, kwa kawaida, ruhusa haipewi mtu moja kwa moja. Hupewa wadhifa, na mtu huvikwa wadhifa huo. Juu kabisa upo ACCOUNTADMIN, ambao umekusanya ndani yake nyadhifa mbili zilizo chini yake: SYSADMIN, wenye kuunda na kumiliki hifadhi za data na mitambo ya kuzichakata, na SECURITYADMIN, wenye mamlaka ya kutoa ruhusa na kuzipokonya, na chini ya huu wa pili upo USERADMIN, ambao kazi yake ni kuandikisha watumiaji na kuunda nyadhifa mpya, ilhali PUBLIC ni wa kila aliyeingia. Maelekezo ya kampuni husisitiza kwamba ACCOUNTADMIN wapewe watu wachache, lakini wasipungue wawili, asije mmoja akapoteza neno lake la siri na nyumba nzima ikabaki imefungwa. Kwamba usiwe ndio wadhifa anaoanza nao mtu anapoingia, ili alazimike kuuvaa kwa makusudi. Na kwamba kazi zinazojiendesha zenyewe usiku zisiutumie kamwe.

Ni mpango mzuri, na kwa mtu aliyezoea hifadhidata za zamani, ambamo mtu mmoja mwenye neno la siri la mkuu alikuwa ndiye sheria na ndiye hakimu, ni neema. Lakini ngazi hii yote, tangu juu hata chini, hujibu swali moja tu: huyu aliyekwisha kuingia aruhusiwe kufanya nini? Kwamba aliyeingia ndiye mwenyewe, na kwamba ametokea mahali panapomhusu, ni mambo ambayo ngazi ya nyadhifa huyachukua kuwa yamekwisha kuthibitishwa na mwingine.

Na ukitazama walivyofanya kazi wezi hao utaona kwamba hawakuhitaji wadhifa mkubwa. Waliandika SHOW TABLES wakaorodheshewa majedwali. Wakatumia SELECT kuyachungulia yaliyomo. Wakaunda pahala pa muda pa kuweka mizigo kwa amri ya CREATE TEMPORARY STAGE. Wakayamimina majedwali humo kwa COPY INTO, huku yakigandamizwa kwa GZIP ili yasafiri upesi. Na mwisho wakayateremsha kwa GET hadi katika seva zao. Pahala hapo pa muda hufutika penyewe kikao kinapokwisha, hata anayekuja kukagua asubuhi hakikuti kibanda, ila huiona amri ya kukijenga katika daftari la maswali yaliyoulizwa. Mchambuzi wa kawaida, aliyepewa haki ya kusoma majedwali ya wateja kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, anaweza kutekeleza sehemu kubwa ya mlolongo huu bila kugusa ACCOUNTADMIN hata mara moja.

Swali la pili, la mahali atokapo mtu, huulizwa na kitu kingine kabisa, nacho ni sera ya mtandao. Hii ni kama bawabu: hukabidhiwa orodha ya anwani za mtandao zinazokubaliwa na orodha ya zinazokataliwa, na kila anayebisha hutazamwa ametoka anwani ipi kabla ya kuruhusiwa kuendelea, tena sera ikibadilishwa huku mtu yumo ndani, naye akawa hamo tena katika wanaokubaliwa, amri yake inayofuata hukataliwa. Wezi wa UNC5537 walibisha wakipitia VPN za kukodi kama Mullvad na Private Internet Access, yaani anwani zisizo na nasaba yoyote na ofisi za waliowaibia, kwa hiyo sera yenye mistari michache ingaliwarudisha nje hata kama neno la siri lilikuwa sahihi kwa kila herufi. Tatizo ni kwamba wakati huo akaunti mpya ya Snowflake haikuwa na bawabu. Kwa desturi yake ilipokea mtu kutoka anwani yoyote duniani, mpaka msimamizi mwenye SECURITYADMIN, au mwenye haki mahsusi aliyopewa, aiunde sera na kuiambatisha.

Inafaa nikae kidogo katika namna sera hii inavyofasiriwa, kwa kuwa hapo ndipo hata wasimamizi hodari hujikwaa. Kwanza, orodha ya wanaokataliwa husomwa kabla ya orodha ya wanaokubaliwa, na anwani moja ikitajwa katika zote mbili, hukumu ni ya kukataa. Mtu aliyelelewa katika kuta za moto (firewall) za ofisini, ambamo desturi ni kuzuia wote kisha kuwatoa wachache, akiandika 0.0.0.0/0 katika orodha ya kukataa, maana yake anwani zote za dunia, atakuwa amejizuia na yeye mwenyewe. Ilhali ilitosha kuziandika zinazokubaliwa, na zilizosalia zote zingekataliwa bila kutajwa. Snowflake imeweka hadhari hapa, kwani humkatalia msimamizi kuiambatisha sera kwa akaunti nzima ikiwa anwani anayotumia saa ile ile haimo miongoni mwa zinazokubaliwa.

Pili, na hili ndilo la hatari zaidi, sera iliyoambatishwa kwa mtumiaji mmoja haiongezwi juu ya sera ya akaunti, huipiku. Tuseme kampuni imefunga akaunti yake vyema, kisha mkurugenzi anasafiri na kulalamika kwamba hotelini hapati ripoti zake, na msimamizi, kwa kutaka amani, anamwandikia sera yake binafsi inayokubali anwani zote. Kuanzia dakika hiyo sera ya akaunti haimhusu tena mkurugenzi, na kwa kuwa wakubwa aghalabu huomba na ruhusa kubwa, mlango uliobaki wazi ndio unaoelekea vyumba vingi zaidi. Anayekagua akaunti ya namna hii asiridhike kwa kuona kwamba sera ya akaunti ipo. Na apekue mtumiaji mmoja mmoja.

Kwa nini basi wengi waliibiwa bila kuwa na sera hata moja? Sidhani ni uzembe mtupu. Ghala la data hununuliwa na watu wa takwimu, ambao hujua majedwali na nyadhifa lakini hawajui anwani za ofisi. Na wanaojua anwani ni watu wa mitandao, ambao hawana hata jina katika Snowflake. Kila upande huona kazi hii ni ya mwenziwe. Tena orodha ya anwani si jambo jepesi kuliandika. Ofisi ya Dar es Salaam au Nairobi ambayo watumishi wake hufanya kazi kwa bando la simu hukuta kwamba kampuni ya simu huwaweka wateja maelfu nyuma ya anwani moja, na huibadilisha wakati wowote, hivyo kuikubali anwani hiyo ni kukubali umati usioujua, na kuikataa ni kuwafungia nje watu wako. Hakuna njia ila kuwapitisha wote katika VPN ya kampuni yenye anwani isiyobadilika. Mwenye kutaka kuanza kwa utaratibu hutazama LOGIN_HISTORY, kumbukumbu ya kila aliyeingia na anwani aliyotokea, ambayo huhifadhiwa kwa siku 365, na ndiyo rasimu bora ya orodha, mradi kila anwani ngeni iulizwe mwenyewe kabla ya kuandikwa.

Hata hivyo siwezi kumwachilia mwenye ghala. Snowflake, pamoja na Mandiant na kampuni nyingine ya usalama wa mitandao, CrowdStrike, ilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kasoro au uvunjaji katika jukwaa lake, na kauli hiyo ni ya kweli. Lakini anayejenga maelfu ya nyumba na kuziacha zote wazi, akitegemea kila mpangaji asome kitabu cha maelekezo, ana sehemu yake katika yaliyotokea. Kampuni yenyewe, kwa vitendo, ilikubali hivyo: Julai 2024 iliwapa wasimamizi uwezo wa kuwalazimisha watumiaji wao wote uthibitisho wa hatua mbili, kuanzia Oktoba 2024 ikaufanya kuwa desturi kwa watu katika akaunti mpya, na Desemba mwaka huo ikatangaza ratiba ya kukomesha kuingia kwa neno la siri peke yake kufikia Novemba 2025.

Sera ya mtandao, kwa upande wake, iliachwa kuwa hiari ya mteja, na ipo aina moja ya mtumiaji ambaye kwake hiari hii ina uzito kuliko kwa wengine. Watumiaji wa aina ya SERVICE, yaani programu zinazopakia data usiku pasipo mtu, hawaruhusiwi neno la siri kabisa. Hujitambulisha kwa njia nyingine, kama jozi ya funguo za kihisabati. Lakini ufunguo wa namna hii aghalabu ni faili, na faili hunakiliwa, wala programu haina simu ya kupelekewa tarakimu za kuthibitisha. Kwa bahati, seva inayopakia data haisafiri wala haibadili bando: anwani yake ni moja, inajulikana, na sera yake hukamilika kwa mistari miwili ya amri, mmoja wa kuiunda na mmoja wa kuiambatisha kwa mtumiaji huyo.