Bundi Asiye na Ufutio

Mwezi wa pili tangu nianze kujifunza kuchora, nilijaribu kumwiga bundi wa mchoraji Kenojuak Ashevak kwa penseli. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Kila unyoya wangu ulikuwa na mistari mitatu minne ya kubahatisha, kama mgeni anayeuliza njia kila baada ya nyumba mbili.

Unyoya wa Kenojuak una ukingo mmoja tu. Bundi wake ni chapa, The Enchanted Owl, iliyotoka mwaka 1960 huko Cape Dorset, siku hizi Kinngait, kaskazini ya mbali ya Kanada. Sisi tuliokua tukisikia kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba, huenda tukashtuka kwanza. Tushtuke, kisha tutazame. Uso umetuelekea, macho ni duara kubwa. Kichwani yanachomoza manyoya marefu kama miali, yakijipinda, na mkia unayajibu. Hakuna tawi wala theluji. Weupe wa karatasi unapenya kati ya manyoya, nao una ncha na mpindo wake. Yatazame mapengo hayo peke yake: utaona manyoya meupe.

Jicho hilo la kuona mapengo ni la mshonaji. Kenojuak, Mwinuiti aliyezaliwa mwaka 1927 katika kisiwa cha Baffin, alishona kabla ya kuchora. Chapa yake ya mwanzo kabisa, ya sungura anayekula mwani, ilitokana na nakshi ya mfuko wa ngozi ya sili. Anayekata ngozi hana ufutio (wachora hina wa kwetu wanalijua hilo), na mkato mmoja huzaa maumbo mawili: kipande kilichotoka na tundu lililobaki.

Ila mstari tunaouona si wa mkono wake peke yake, na wanaomsifu hupapita hapa mbiombio. Mchoro ulihamishiwa kwenye jiwe; mafundi wa karakana wakachonga pasipotakiwa wino, wakapaka palipobaki, wakalaza karatasi na kuisugua kwa mkono. Kwa maoni yangu jiwe lilimfaa, maana halina subira na ukungu wa penseli. Ndiyo sababu bundi huyu alipowekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970, akapunguzwa hadi kuenea kiganjani, hakupoteza kitu.

Jina ndilo linalonikera. Bundi wa uchawi! Linatutuma kusaka hadithi, ilhali mwenyewe alieleza kwamba alichotafuta ni uzuri. Namwamini.

Zilipigwa nakala 50: 25 za nyeusi na nyekundu, 25 za nyeusi na kijani. Tafuta picha za zote mbili, uziweke bega kwa bega. Kisha chora unyoya mmoja tu, kwa kalamu ya wino.