Kilichochoka Ni Mti

Gitaa likichomoka mkandani katikati ya wimbo, wa kwanza kulaumiwa ni mkanda. Mara nyingi wanauonea. Kilichoachia ni kile kishikizo kidogo kilichofungwa kitakoni mwa gitaa, nacho ukikiokota sakafuni utakikuta kizima, skrubu yake ina meno yote. Kilichochoka ni mti uliokuwa ukiishika.

Fundi wa kweli anaanzia hapo, na ndiyo maana naiheshimu sana kazi hii ya kukifunga upya kishikizo, ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi. Ubavu wa gitaa ni mwembamba, milimita 2 na kitu. Hauwezi kushika skrubu. Kwa hiyo ndani kabisa, mahali pasipoonekana, mtengenezaji hugandisha kipande kinene cha mbao kinachounganisha mbavu mbili, nacho ndicho kinachobeba. Gitaa lenyewe lina kilo 2 hivi, lakini mpigaji hatulii: anacheza, anainama, anamgeukia mpiga ngoma, na kila akigeuka skrubu inayumba kiasi cha unywele. Miaka ikienda, nyuzi za mti zinazouma meno ya skrubu husagika zikawa unga.

Tiba za haraka zipo. Njiti za kiberiti na tone la gundi zimeokoa harusi nyingi, na sizidharau. Ila njiti ni mti laini, haikai. Skrubu nene zaidi ndiyo nisiyoitaka kabisa, kwa sababu inaweza kuipasua mbao ya ndani, na hapo kazi ya jioni moja inageuka kuwa ya wiki.

Fundi kwanza huingiza tochi na kioo kidogo kupitia tundu la sauti, aone kama ile mbao ya ndani haijaachia gundi. Ikiwa imara, huchukua keekee na kulipanua tundu hadi milimita 6 hivi, apite sehemu iliyolika na kufika kwenye mti mzima. Kisha huchonga kizibo. Kwa Dar es Salaam mimi ningechagua mninga, ambao vipande vyake havikosekani kwa maseremala: ni mgumu wa kutosha, na hauvimbi wala kusinyaa ovyo msimu ukibadilika. Mpingo una sifa kubwa zaidi katika ala za muziki, lakini kwa kazi hii ni mgumu mno. Skrubu nyembamba inaweza kukatikia humo.

Ustadi wenyewe uko kwenye mwelekeo wa nyuzi za kizibo. Vijiti vya duara vinavyouzwa tayari vina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, sambamba na skrubu, na skrubu inayoingia hivyo hupita katikati ya nyuzi bila kushika sana. Fundi makini hukikata kizibo kutoka ubavuni mwa mbao, nyuzi zikingame, ili kila jino la skrubu lizikate na kuzing'ang'ania. Hakuna atakayemwona akifanya hivyo.

Gundi ya mbao hukauka usiku kucha. Asubuhi kizibo husawazishwa kwa patasi na msasa, kikatobolewa tundu jembamba kuliko skrubu, nayo skrubu ikapakwa sabuni. (Pini zilizochongoka zisizo na skrubu, kama za magitaa mengi ya kampuni ya Martin, zina matengenezo yake, hizo hushikwa na msuguano tu.) Washa ya ngozi hukaa chini ya kishikizo, isije ikakwaruza vanishi.

Mwisho ni bisibisi ya mkono, kamwe si ya umeme. Kiganja ndicho kinachojua meno yameanza kuuma mti mpya: uzito unaongezeka robo duru kwa robo duru, ngozi inabonyea kidogo, fundi anaacha. Kishikizo kinafunika kila kitu, na mteja huona ametozwa fedha kwa kukaziwa skrubu. Ningemshauri apite karakana asubuhi ile, kabla skrubu haijarudishwa, aombe kuonyeshwa kizibo.