Semina za Uimbaji Vijijini: Tamasha Likiisha, Nani Anaimba?

Katika sharika zetu za vijijini semina ya uimbaji imekuwa jambo la kawaida, hasa baada ya mavuno. Huanza Ijumaa jioni, wanakwaya wanapowasili kutoka mitaa mbalimbali, wengine kwa miguu, wengine kwa bodaboda. Jumamosi ni mazoezi kutwa. Jumapili ibada huunganishwa na tamasha: kwaya hupanda moja baada ya nyingine, mgeni rasmi husomewa risala, michango hutolewa, na jua likikaribia kuzama watu hutawanyika. Tumehudhuria nyingi za namna hii, na tunaandika juu yake kwa sababu tunazipenda. Jambo linalopendwa linastahili kupimwa.

Mema yake ni mengi. Mwanakwaya hujifunza kunyamazisha sauti yake kidogo ili amsikie jirani yake, na hilo peke yake ni somo la Kikristo. Wageni hulala katika nyumba za washarika na kula nao chungu kimoja. Kijana ambaye hajaonekana kanisani kwa miezi hurudi kwa sababu ya besi. Mtume Paulo katika Wakolosai 3:16 anahesabu kuimba kuwa njia ya kufundishana na kuonyana. Haweki wimbo upande wa burudani. Kwa kipimo hicho, semina njema ni darasa la Neno la Mungu.

Lakini kwa kipimo hichohicho tunaona kasoro. Katika semina nyingi kinachofundishwa si kuimba, bali ni wimbo mmoja. Mwalimu mgeni huja na utunzi wake mpya, huukaririsha mstari kwa mstari, sauti kwa sauti, ili Jumapili upendeze. Nao hupendeza kweli. Jumatatu mwalimu akipanda basi, anaondoka na ufunguo mfukoni. Kwaya imebaki na wimbo, ila haiwezi kujifunza wa pili bila yeye.

Hali haikupaswa kuwa hivyo. Nota za do, re, mi tunazozitumia zilitokana na kazi ya Sarah Glover, mwanamke aliyefundisha watoto kuimba huko Norwich, Uingereza. Kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliziboresha na kuzieneza ili watu wa kawaida waweze kusoma wimbo wasiowahi kuusikia. Huandikwa kwa herufi tu. Chaki na ubao vinatosha, na mtaa usio na umeme haupungukiwi na kitu. Hata hivyo tumeona semina ya siku tatu ambayo ubao wake ulibaki mtupu, huku asubuhi nzima ya Jumamosi ikiishia kwenye kutengeneza jenereta na spika.

Kasoro ya pili inahusu anayeimba. Mwaka 1524 kilichapishwa kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Kilutheri, chenye nyimbo nane tu, nne zikiwa za Martin Luther. Shabaha ilikuwa washarika wote waimbe kwa lugha yao wenyewe. Mwaka huohuo Luther aliandika dibaji ya kitabu cha Johann Walter, chenye nyimbo za sauti kadhaa kwa ajili ya kwaya. Kwa hiyo hakuigombanisha kwaya na usharika. Kwaya ilipewa nyimbo zilezile za usharika, izipambe na kuwafundisha vijana.

Tutazame sasa Jumapili ya tamasha. Kwaya sita, kila moja nyimbo mbili au tatu. Washarika huketi, hupiga vigelegele, husogea mbele kutunza, kisha hurudi kuketi. Wimbo wa kitabuni, ambao ni wao wote, hukatwa na kubaki beti mbili "kwa sababu ya muda". Siku iliyojaa nyimbo kuliko zote katika mwaka ndiyo siku ambayo usharika umeimba kidogo kuliko zote.

Kuna atakayesema kwamba hili ni jambo dogo. Sisi tunaofanya maziko mitaani hatulioni dogo. Msiba hausubiri ratiba ya kwaya. Ni Jumatano, mtaa wa mbali, mwalimu wa kwaya yuko mjini, kinanda kimefungiwa ofisini. Jeneza linashushwa, na lazima mtu aanzishe wimbo. Mara nyingi anayeanzisha ni mama mzee aliyesimama nyuma, anayejua beti zote kwa moyo, wengine humfuata. Utunzi wa semina iliyopita hausikiki hapo, kwa maana ulijengwa juu ya kinanda. Siku tutakapomzika mama huyo, ni nani ataanzisha?

Tena, wazee kama yeye wanazo hazina ambazo semina haiziulizi. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa Tanzania, kwa mahadhi ya Wahaya. Leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Kilutheri vya Ujerumani na Marekani. Ulisafiri mbali hivyo kwa sababu una kiitikio ambacho mtoto anaweza kukipokea, na hauhitaji chombo chochote. Wakati wenzetu wa ng'ambo wanajifunza mahadhi yetu, semina zetu hushughulika na kuiga midundo ya kanda iliyotoka mwaka huu.

Tunajua jibu la mabaraza ya wazee: tamasha ndilo linaloleta fedha za mabati. Hatuwalaumu, kanisa lisiloezekwa linanyeshewa. Lakini michango inaweza kuwa na siku yake, na semina ikabaki semina. Tunashauri mambo manne. Nusu ya Jumamosi itengwe kwa kusoma nota ubaoni, na kila mtaa uondoke na angalau watu wawili wanaoweza kuwafundisha wengine. Saa za alasiri milango ifunguliwe kwa wote, watoto na wazee, wafundishwe wimbo mmoja wa kitabuni kwa sauti nne na beti zake zote. Wazee waalikwe kama walimu, wafundishe mahadhi wanayoyajua. Na Jumapili kila kwaya iimbe wimbo mmoja, kisha usharika wote usimame na kuimba wake, hivyo hadi mwisho, spika zikiwa zimezimwa.

Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, miguu yao ikiwa katika mkatale, na wafungwa wengine wakawasikiliza (Matendo 16:25). Walichoimba walikuwa nacho ndani yao tangu kabla ya kukamatwa. Baraza la wazee linapopokea taarifa ya semina, lisiulize tu kiasi kilichopatikana. Liulize ni nyimbo ngapi ambazo mtaa mdogo kuliko yote unaweza sasa kuziimba wenyewe, siku ya Jumatano, kando ya kaburi.