Dodoso Moja, Nchi 12

Mwaka 2009 ulianza utafiti wa RN4CAST, uliowauliza wauguzi zaidi ya 33,000 katika hospitali 488 za nchi 12 za Ulaya kuhusu mazingira yao ya kazi. Kipimo kilichobeba maswali hayo, PES-NWI, kilitoka Marekani. Eileen Lake alikichapisha mwaka 2002 kikiwa na vipengele 31, kutokana na data za hospitali zilizosifika kwa kuwavutia wauguzi na kudumu nao. Kipengele kimoja kinamtaja mkuu wa uuguzi mwenye mamlaka sawa na wakurugenzi wengine. Muuguzi wa Ugiriki au Poland angelijibuje swali hilo?

Njia iliyozoeleka, aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970, ni kutafsiri, kisha mtu ambaye hajaliona andiko la awali airudishe tafsiri katika lugha ya kwanza. Inanasa maana iliyopotoka. Lakini sentensi yaweza kwenda na kurudi salama huku ikiuliza jambo lisilokuwepo wodini.

Katika RN4CAST, Allison Squires na wenzake waliongeza hatua ambayo naiona ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Katika nchi zilizohitaji tafsiri, wauguzi wanaojua lugha zote mbili walipima ubora wa tafsiri, kisha wakakipa kila kipengele alama 1 hadi 4: je, kinahusu uuguzi wa hapa? Alama 3 na 4 huhesabiwa kuwa ndiyo. Tuseme wapimaji ni wanane na sita wamekubali: 0.75, chini ya kiwango cha 0.78 kinachopendekezwa. Ukiondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu, inabaki takriban 0.72. Inaridhisha, ila haitoshi kulala usingizi.

Kukifuta kipengele hicho si jambo jepesi. Finland ikifuta na Hispania ikibakisha, hakuna tena cha kulinganisha. Ndiyo maana kura hii ya wapimaji lazima ipigwe mapema, kabla ya dodoso kufika kwa maelfu ya watu, tafsiri ikiwa bado inarekebishika.

Tena kura ni ya nchi, si ya lugha. Kijerumani kinasemwa Ujerumani na Uswisi, lakini mifumo ya afya ni miwili. Anayelichukua dodoso la Kiswahili lililopimwa Dodoma na kulipeleka Mombasa au Lubumbashi anawadai wauguzi wa huko kura yao wenyewe, na wapimaji wawe watu wanaoingia zamu.